Joseph Paxton, fundi wa bustani mwenye alilea yungiyungi la Amazoni mu tangi

Wasomaji wetu, ninyi wenye munashuka shimoni na ninyi wenye munabaki nyumbani, leo tunawaeleza maisha ya Joseph Paxton, Mwingereza mwenye alikufa mwaka wa 1865. Wengi wanamujua juu ya jumba kubwa la vioo lenye alijenga London. Lakini mbele ya lile jumba kulikuwa tangi ya maji, na mu ile tangi kulikuwa mumea wenye wakubwa wa elimu walikuwa hawajaweza kuufanya uchanue. Tunaanza na ule mumea, juu kama hatuuelewi, hatutaelewa ule mutu.

Mumea wenye kusumbua

Yungiyungi ni ua lenye kuota mu maji yenye kutulia. Mizizi yake iko chini mu matope, majani yake yanalala juu ya maji. Hapa kwetu tunaona madogo mu maziwa na mu mabwawa. Lakini mu nchi za muto Amazoni, kule Amerika ya Kusini, kuko yungiyungi moja lenye majani ya ajabu: ya mviringo, yenye ukingo wenye kusimama sawa sinia, na jani moja linaweza kupita mita 2 kutoka upande mpaka upande. Juu ni laini na kijani. Chini ni jekundu, limejaa miiba mirefu.

Ua lake linafunguka magaribi. Usiku wa kwanza ni jeupe, linanukia sawa nanasi, na wadudu wanaingia ndani. Kunapokucha linajifunga na wadudu wanabaki ndani. Usiku wa pili linafunguka tena likiwa jekundu kidogo, wadudu wanatoka, kiisha ua linazama chini ya maji. Mbegu zinakomaa kule chini.

Pale njo shida inaanzia. Mbegu ya ule mumea haipende kukauka. Ukiitoa mu maji na kuiweka mu mufuko sawa mbegu ya mahindi, inakufa. Mwaka wa 1837 musafiri mumoja, Robert Schomburgk, aliona yale mayungiyungi mu Guyana, yenye ilikuwa koloni ya Uingereza, na wataalamu wakayapa jina la Malkia Victoria. Tangu siku ile matajiri wote wa Uingereza walitaka kuwa nayo mu bustani zao. Mwaka wa 1846 mbegu kidogo ziliota mu bustani ya serikali ya Kew, karibu na London, lakini mimea ikakufa wakati wa baridi. Ni mu 1849 tu watu walipata akili ya kusafirisha mbegu ndani ya chupa za maji safi. Zile ziliota. Lakini kuota ni kitu kimoja, kuchanua ni kingine.

Mutoto wa mulimaji

Joseph Paxton alizaliwa mwaka wa 1803 mu kijiji cha Milton Bryan, jimbo la Bedfordshire. Alikuwa mutoto wa saba wa kiume mu jamaa ya walimaji. Masomo yake hayakuenda mbali. Akiwa kijana wa miaka 15 alikuwa tayari anashika jembe mu bustani ya tajiri mumoja wa pale karibu.

Mu 1823 alienda kutafuta kazi Chiswick, pembeni ya London, mu bustani ya shirika la wataalamu wa mimea. Juu wamukubali, aliandika kama alizaliwa 1801. Alijiongezea miaka miwili, na kazi akapata. Vijana wengi wa leo wanaijua ile njia.

Udongo wa ile bustani ulikuwa wa jirani mumoja mwenye cheo kikubwa sana: William Cavendish, Duke wa Devonshire. Duke alikuwa na mulango wake wa kuingilia, na alipenda kutembea mule peke yake. Masikio yake hayakusikia vizuri, na yule kijana wa bustani alimujibu kwa sauti yenye kusikika na bila kuogopa. Mu 1826, fundi mukuu wa bustani ya Duke kule Chatsworth alipokosekana, Duke hakutafuta mutu mwenye diploma wala mwenye umri. Alimuchukua Paxton. Kijana alikuwa na miaka 22.

Tuseme pia feza ya ule Duke ilitoka wapi, juu wasomaji wetu ni watu wa migodi. Ukoo wake ulikuwa na mashamba mingi sana, lakini ulikuwa pia na shimo ya shaba kule Ecton, yenye mu miaka ya 1700 ilikuwa kati ya mashimo ya shaba yenye kuleta faida zaidi mu Uingereza yote. Wanaume walishuka chini, wanawake na watoto walibaki inje kuvunja na kuchagua mawe. Ni picha yenye hatuhitaji kueleza mara mbili hapa Katanga.

Asubuhi ya kwanza

Safari ya Paxton kuelekea Chatsworth inaelezwa mpaka leo. Alisafiri usiku kwa gari la farasi, akatembea kwa miguu sehemu ya mwisho, akafika saa kumi na nusu, kabla ya jua kutoka. Hakuna mutu alikuwa ameamka. Hakukaa kungoja mulangoni. Alipanda ukuta, akazunguka bustani yote, akaangalia nyumba za mimea, akaangalia namna maji yanapita. Saa kumi na mbili wafanyakazi walipofika, aliwapatia kazi. Kiisha akaingia kula chakula cha asubuhi kwa mama mwenye alisimamia nyumba, na pale akakutana na Sarah Bown, mutoto wa ndugu ya yule mama. Wakapendana papo hapo. Yote ile ilifanyika mbele ya saa tatu.

Walioana mu 1827. Na tusimusahau Bibi Sarah. Paxton alipokuwa musafiri, na alisafiri sana, ni yeye mwenye alishika hesabu, barua na wafanyakazi. Kama hangekuwa yeye, mambo mengi yenye tutaeleza hayangefanyika.

Kushinda na kushindwa

Kwa miaka 20 yenye ilifuata Paxton alifanya bustani ya Chatsworth kuwa ya kwanza mu Uingereza. Alipata muti mufupi wa ndizi wenye ulitoka mu kisiwa cha Morisi, akaulea mu joto mpaka ukazaa zaidi ya ndizi 100 mu 1836. Ile ndizi ilipewa jina la ukoo wa Duke, Cavendish. Leo, ndizi karibu zote zenye kuuzwa mu maduka ya Ulaya ni za ule ukoo.

Lakini mimea haikuja bila gharama. Paxton na Duke walituma vijana wao inchi za mbali kuitafuta. Mumoja, John Gibson, alirudi kutoka India mu 1837 na mimea mingi. Wengine wawili, Robert Wallace na Peter Banks, walitumwa Amerika ya Kaskazini. Mu 1838 mutumbwi wao ulipinduka mu muto Columbia, wakakufa maji. Walikuwa vijana wa bustani sawa vile yeye alivyokuwa. Walikufa wakitafuta mbegu za tajiri.

Tena si kila kitu kilikubali mukono wa Paxton. Muti wenye Gibson alileta kutoka Asia, wenye kuitwa Amherstia, Duke aliungojea miaka na miaka uchanue. Haukuchanua kwake. Ulichanua mu 1849 mu nyumba ya mama mumoja karibu na London. Tunasema ile juu musifikiri kama Paxton alikuwa mulozi. Alikuwa mutu wa kuangalia, kujaribu, na kuanza tena.

Nyumba yenye kula makaa

Uingereza ni inchi ya baridi. Mimea ya inchi za joto inahitaji nyumba ya vioo na moto. Kati ya 1836 na 1840 Paxton alijenga Chatsworth nyumba moja yenye haijaonekana mbele: urefu mita 84, upana mita 37, na kwenda juu mita 20. Gari la farasi liliweza kupita ndani.

Chini yake kulikuwa boila 8 na mabomba ya chuma yenye kupitisha maji ya moto, karibu kilometa 11 yakipangwa kwa musitari mumoja. Makaa ya mawe, kama yale yenye yalichimbwa kwetu Luena, yaliingia kwa njia ya chini ya udongo, mu vigari vidogo vyenye kupita juu ya reli. Wageni wa Duke walitembea juu kati ya mitende na maua, hawakuona moshi wala mutu wa kusukuma kigari. Lakini kule chini watu walikuwa mu posti ya usiku, juu moto ukizimika usiku mumoja wa baridi kali, kazi ya miaka inakufa.

Miezi mitatu

Sasa tunarudi ku yungiyungi letu. Mu 1849 bustani ya Kew ilikuwa na mimea midogo zaidi ya makumi tano, lakini fasi yao haikutosha. Waligawia wengine. Mwanzo wa mwezi wa 8 Paxton alienda mwenyewe kuchukua wake, na akaurudisha Chatsworth na treni ndani ya kisanduku. Mumea ulikuwa na majani machache, na hakuna lenye lilipita sentimita 15.

Aliujengea tangi ya mita 3 na nusu kila upande na kina cha mita moja. Ni pale tunaona akili ya fundi. Hakujiuliza namna gani mumea utazoea Uingereza. Alijiuliza muto Amazoni unafanya nini, akajaribu kuufanya ndani ya tangi.

Kwanza, joto. Alipitisha mabomba ya maji ya moto chini ya udongo na ndani ya maji, mpaka maji yakafika karibu digrii 30, na yakabaki pale muchana na usiku. Joto lenye kupanda na kushuka ni baya kuliko baridi kidogo yenye haibadilike.

Pili, udongo. Mu katikati ya tangi aliweka kilima cha udongo muzito, wenye kuchomwa kidogo na kuchanganywa na udongo mweusi wa mabwawa. Ule mumea unakula sana, unaongeza jani kubwa kila siku chache, na bila udongo wa kutosha unasimama.

Tatu, maji yenye kutembea. Maji yenye kulala yanaoza, yanajaza majani membamba ya kijani yenye kufunga mwangaza. Paxton aliweka magurudumu madogo yenye kuzungushwa na maji yenye kuingia. Yalitikisa maji polepole, sawa vile muto unapita pembeni ya bwawa. Si kwa nguvu, juu jani lingepasuka.

Ine, mwangaza. Mu Uingereza, kuanzia mwezi wa 9 jua linapunguka kila siku. Paxton alikuwa anakimbizana na jua. Kama ua halingetoka mbele ya giza la mwezi wa 12, mumea ungeweza kukufa sawa ile ya 1846.

Mumea ukajibu. Mwisho wa mwezi wa 9 majani yalikuwa yamepita mita moja. Tangi ikakuwa ndogo, wakaipanua. Mu mwezi wa 10 majani yalikaribia mita moja na nusu. Kijana mumoja Mudachi, Eduard Ortgies, njo alikuwa mulinzi wa ile tangi, na jina lake litarudi. Siku za kwanza za mwezi wa 11, kichwa cha ua kikatokea juu ya maji, kinene sawa ngumi. Kiisha, magaribi moja, kikafunguka.

Mu bustani ya Kew, mahali pa profesa na wataalamu wa serikali, ua lilikuja mu mwezi wa 6 wa mwaka wenye kufuata. Tusiwacheke, juu bila chupa zao za maji Paxton hangekuwa na kitu. Lakini kuota kwa mbegu kulikuwa kazi ya kujua, na kuchanua kulikuwa kazi ya kukaa karibu. Mutu wa kukaa karibu njo alishinda. Paxton alipeleka ua moja kwa Malkia mwenyewe, ku jumba la Windsor.

Mugongo wa jani

Siku moja ya ule mwezi wa 11 Paxton alichukua binti yake Annie, mwenye miaka 7, akamusimamisha juu ya jani. Aliweka kwanza sinia juu ya jani juu uzito usambae na ngozi ya jani isitoboke. Mutoto alisimama, jani halikuzama. Magazeti ya London yalichora ile picha, na watu walishangaa.

Paxton hakuishia ku kushangaa. Aligeuza jani akaangalia mugongo wake. Kule chini kulikuwa mishipa minene yenye kutoka mu katikati na kuenda mpaka pembeni, sawa mikono ya gurudumu. Ikienda inje inagawanyika, inakuwa mingi na membamba. Kati yayo kulikuwa vipande vyembamba vyenye kusimama, vyenye kufunga mushipa mumoja ku mwingine. Ndani ya mishipa kulikuwa hewa. Jani lenyewe lilikuwa jembamba sawa karatasi, lakini halikubeba uzito: mishipa njo ilibeba. Watu wa shimo watamuelewa haraka. Paa la shimo halisimame juu ya unene wa jiwe, linasimama juu ya namna nguzo zimepangwa na kufungwa pamoja.

Tangi ikakuwa tena ndogo. Mu 1850 Paxton alijenga nyumba mupya kwa ajili ya yungiyungi peke yake, urefu karibu mita 18, na ndani tangi ya mviringo ya mita 10. Paa lake lilikuwa la vioo vyenye kukunjwa kama bati, kupanda na kushuka, juu ya mbao nyembamba na nguzo za chuma. Namna ile ya kukunja vioo haikuanza mu 1850. Alikuwa ameijaribu zaidi ya miaka 10, na wengine mbele yake walikuwa wameifikiri. Lakini jani lilimuonyesha kama kitu chepesi, kikifungwa vizuri, kinaweza kuwa kikubwa kuliko watu wanavyofikiri.

Jumba la vioo

Ule mwaka wa 1850 Uingereza ilikuwa inatayarisha maonyesho makubwa ya kazi za inchi zote, mu bustani ya Hyde Park, London. Watu zaidi ya 200 walileta michoro ya jumba, na yote ilikataliwa. Ile yenye kamati yenyewe ilichora ilikuwa ya matofali mamilioni, na hakuna mutu aliamini itakwisha kwa wakati.

Tarehe 11 mwezi wa 6 Paxton alikuwa mu mukutano wa kampuni ya treni, kule Derby. Wengine walipokuwa wakizungumuza, yeye alichora juu ya karatasi ya kukausha wino. Ile karatasi ingali inachungwa London mpaka leo. Ilionyesha nyumba ya yungiyungi, lakini ndefu sana. Mu siku 9 michoro yote ilikuwa tayari.

Jumba lilijengwa kwa vipande vyenye kufanana: nguzo za chuma, mbao na vioo karibu 300,000, vyote vikitengenezwa mbali na kuletwa na treni, kiisha kufungwa pale. Nguzo zilikuwa wazi ndani, maji ya mvua yalishuka mule. Miti mikubwa ya Hyde Park haikukatwa, jumba liliifunika. Urefu ulikuwa mita 563. Wafanyakazi walifika karibu 2,000. Tarehe 1 mwezi wa 5, 1851, Malkia alifungua. Mu miezi ile mpaka mwezi wa 10, watu walilipa kuingia mara zaidi ya milioni 6. Kulikuwa siku za bei ndogo, na wafanyakazi wa viwanda na wa migodi walikuja na treni pamoja na jamaa zao. Ku mulango wa inje waliona kitu chao: bonge moja la makaa ya mawe la tani 24, lenye lilitoka Staveley, mu jimbo lile lile la Chatsworth.

Malkia alimupatia Paxton cheo cha Sir mu ule mwaka. Mu 1854 watu wa muji wa Coventry walimuchagua kuwa deputé. Alikuwa tayari tajiri, juu ya kampuni za treni. Mbele ya pale, mu 1847, alikuwa ametengeneza kule Birkenhead bustani yenye ililipwa na feza ya muji, kwa ajili ya watu wote. Ilikuwa ya kwanza ya namna ile mu Uingereza. Pale mutoto wa mufanyakazi aliweza kutembea kati ya miti na maji bila kuomba ruhusa kwa Duke.

Duke alikufa mu 1858, na Paxton akaacha kazi ya Chatsworth kiisha miaka 32. Yeye mwenyewe alikufa mwezi wa 6, 1865, karibu na lile jumba la vioo, lenye lilikuwa limebomolewa na kujengwa tena Sydenham. Walimuzika Edensor, kijiji cha Chatsworth.

Njia mpaka Ubelgiji

Yule kijana Ortgies hakubaki Chatsworth. Mu 1850 alienda muji wa Gand, Ubelgiji, kwa muuzaji wa mimea Louis Van Houtte, na mu ule mwaka wenyewe yungiyungi lilichanua kule. Mu 1854 fundi mujengaji Alphonse Balat alijenga Brussels nyumba ya chuma na vioo kwa ajili ya ule mumea. Ile nyumba ingali inasimama, ilihamishwa mpaka bustani ya Meise. Kiisha Balat huyo huyo alijenga nyumba kubwa za vioo za Laeken, kwa Mufalme Leopold wa Pili. Moja yazo ilipewa jina la Kongo. Wazazi wetu walilipa ile kazi ya Leopold kwa jasho na kwa damu, na ni vema kujua akili ya kujenga ilitoka wapi: ilitoka ku tangi ya fundi wa bustani.

Kwa wenye wanataka kujaribu

Yungiyungi la Amazoni haliwezi kuenea mu lupango. Lakini madogo ya kwetu yanaweza, mu karai kubwa ao mu kipande cha pipa, na sheria ni zile zile. Muchukue mumea pamoja na mizizi yake, usikauke njiani. Muweke udongo muzito wa pembeni ya maji chini, na muchanga kidogo juu yake juu usitawanyike. Muweke fasi yenye jua muchana wote. Muongeze maji yenye jua limepasha, si ya baridi. Mutoe majani yenye kuoza. Mutie samaki wadogo, juu ya kumaliza watoto wa mbu. Na musichukue maji yenye yanatoka ku kiwanda ao ku fasi ya kusafishia mawe. Mumea utawaonyesha haraka kama yale maji hayafae, na mutoto asiyaguse pia.

Makaa yalipokosekana

Ile nyumba kubwa ya Chatsworth iliishi miaka 80. Vita vya 1914 vilipokuja, makaa ya mawe yalienda ku meli na ku viwanda, na vijana wa bustani walienda ku vita. Boila zikazimika. Mimea yenye ilikusanywa tangu wakati wa Paxton ikakufa kwa baridi. Mu 1920 nyumba ilivunjwa kwa baruti, na mwenye alisimamia ile kazi alikuwa mujukuu wa Paxton mwenyewe. Ilihitaji mara kadhaa, juu mishipa yake ilikuwa ingali inashika. Jumba la London nalo liliungua na moto mu 1936.

Wageni wa Duke walimusifu Duke. Magazeti yalimusifu Paxton, na alistahili. Lakini moto ulipozimika ilionekana wazi nani alikuwa anabeba ile bustani yote: mutu wa kuchimba makaa, mutu wa kusukuma kigari, mutu wa kulinda joto usiku. Kwa miaka 80 ua halikuchanua hata siku moja bila wao.